Rosa Mistika, safari hii kwa macho ya mama

Mara ya kwanza Rosa Mistika nilikisoma bwenini, kikiwa kimevalishwa gazeti ili matroni asikitambue. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na kwa wasichana wa umri wetu hilo lilitosha kuifanya tamu. Tulipokezana usiku kwa usiku, tukikimbilia mbele: Rosa kafanya nini, yuko na nani, ataishia wapi.

Sasa nina miaka 58 na anakoishia nakujua. Raha ya kurudia kitabu kwangu imeanzia hapo: haraka imekwisha. Naweza kukaa na kurasa mbili jioni nzima bila kuona nimechelewa popote.

Na safari hii aliyenishika si Rosa, ni mama yake, Regina. Kule bwenini sikumbuki kama tulimjadili hata siku moja. Alikuwa mama tu, kama mama yeyote. Leo nimeshalea mabinti watatu, na kila Zakaria, baba yake Rosa, anapofoka, wa kwanza kumtafuta kwa macho ni Regina. Pale Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana Charles, zamani nilisikia maumivu ya Rosa peke yake, kwa kuwa tulikuwa rika moja. Sasa najiuliza huyu mama atalalaje usiku huo, asubuhi atamwamkia mumewe kwa uso gani, na wale wadogo zake Rosa atawaambia nini. Ilibidi nikiweke kitabu chini kwanza, nikaenda kubandika chai.

Zakaria naye nimemwona upya, ingawa simwonei huruma. Zamani alikuwa mlevi katili, basi. Siku hizi ananitisha zaidi, kwa sababu mwenyewe anaamini anamchunga binti yake. Wazazi wa aina hiyo nimekaa nao kwenye vikao vya shule. Binti anafungiwa ndani hadi hajui hata kusalimiana na mvulana bila kutetemeka, kisha anapelekwa masomoni mbali na nyumbani, akiharibikiwa wote wanashika vichwa. Sijasoma popote jambo hili likielezwa kwa uchungu kama alivyolieleza Kezilahabi.

Halafu kuna umri wa mwandishi mwenyewe. Tulipokuwa wanafunzi, jina lililo kwenye jalada lilikuwa la mtu mzima mno, mjuzi wa kila kitu. Kumbe alizaliwa mwaka 1944, Namagondo, Ukerewe, kijiji kilekile alichokiweka ndani ya riwaya. Yaani kitabu kinatoka, yeye hajafikisha hata miaka 30; ni umri wa kitinda mimba wangu! Kijana kama huyo aliujuaje uchovu wa Regina? Nadhani aliwatazama akina mama wa kisiwani kwao kwa makini kuliko sisi tulivyowatazama mama zetu. Alipofariki mwaka 2020 nilitamani angalau ningemwuliza hilo.

Kusadikika cha Shaaban Robert nacho nimekirudia, lakini nakala yangu ni ile ya shule, pembeni pote penseli: “dhamira”, “tashihisi”, “litatoka kwenye mtihani”. Karama, mshitakiwa wa hadithi hiyo, bado ananivutia kwa subira yake, anavyosimama barazani kuzieleza habari za wajumbe mmoja baada ya mwingine huku Majivuno, anayemshitaki, akimtaka aadhibiwe. Ila ile penseli inanipigia kelele. Nitanunua nakala safi nianze upya.

Kabla ya hapo, ni zamu ya Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi. Nilikisoma nikiwa na miaka kama ishirini, nikamwona Kazimoto, mhusika wake mkuu, ndiye msomi hasa, kwa vile alivyokata tamaa ya kila kitu. Leo nakwenda kumsoma kama mzazi wake, na kusema kweli nakiogopa kidogo. Kitinda mimba amekiona mezani akakiomba. Nimemwambia asubiri, mimi kwanza.