Elki, chai ya tangawizi na kilo mbili za maharage

Watoto tuliwaacha kwa shangazi yao mjini Aurora, tukapanda milimani hadi mji wa Estes Park, Colorado, Marekani, siku tatu za mwisho wa Septemba. Baba watoto alitoa sharti moja tu: hakuna kukimbizana na wanyama. "Mimi nimekuja kupumzika, mama. Wewe piga picha zako." Nilinuna kidogo.

Kwa asiyemjua, elki ni wa jamaa ya kulungu, ila dume lake hupita kilo 300, na pembe zake za matawi matawi huanguka kila mwaka zikaota upya. Wa kule walimalizwa na wawindaji, na mnamo 1913 na 1914 wakaletwa wengine kutoka Yellowstone. Kuanzia katikati ya Septemba kwa muda wa mwezi hivi, madume hushuka mabondeni kugombea majike.

Nilitarajia mngurumo. Loo! Sauti ilianza chini chini kama mlango wenye kutu, ikapanda hadi mbinja nyembamba, ikaishia kwa kukoroma mara tatu nne. Mnyama mkubwa kama ng'ombe, analia kama filimbi! Baba watoto alicheka mpaka chai ikamwagika.

Siku ya kwanza niliharibu. Tuliegesha kando ya barabara katika bonde la Horseshoe Park, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kioo kimeshushwa, lenzi ya milimita 400 inachungulia nje, hita ndani inavuma. Nikapiga picha zaidi ya mia mbili. Usiku nilipozikuza kwenye kompyuta, manyoya yote yalikuwa yameyeyuka, kana kwamba nimepiga kupitia mvuke wa sufuria. Nikailaumu lenzi, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Kumbe ni hita: hewa ya moto ikitoka dirishani na kukutana na baridi, picha hucheza kama lami juani.

Kesho yake tuliingia hifadhini kabla ya saa tatu asubuhi, maana kuanzia hapo ilitakiwa kibali cha saa maalumu. Upande wa Bear Lake Road, barabara nyingine ya hifadhi, kilitakiwa tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikazima gari na kushusha vioo vyote. Lenzi niliilaza dirishani juu ya foronya yenye kilo mbili za maharage, inatulia kuliko stendi yoyote niliyowahi kununua. Betri ya akiba nikaitia kifuani, kwa sababu baridi huzinyonya. Kushuka sikuwa na haja: elki hakaribiwi chini ya mita 23, na msimu huo bonde lenyewe hufungwa kwa waenda kwa miguu tangu jioni hadi asubuhi. Mwenzangu alijifunika blanketi, juu yake kanga yangu, chupa ya chai mapajani, akinung'unika kuhusu hita yake.

Dume alikuwa na majike kumi na moja, na dume kijana akimnyemelea pembeni. Kila alipokimbia nilimfuata na lenzi, na kila mara nilichelewa.

"Unajichosha bure," akasema baba watoto, kikombe mdomoni. "Akishamfukuza yule mdogo hurudi pale pale kwenye kile kigogo, ndipo analia. Mngoje hapo."

Mtu aliyechunga ng'ombe utotoni! Nikaelekeza lenzi kwenye kigogo, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, kasi 1/500 ya sekunde, nikaacha kuhangaika. Tulimaliza vikombe viwili. Jua likachomoza nyuma ya bonde, dume akarudi, akalaza pembe mgongoni, akafungua mdomo, na pumzi ikamtoka kama moshi wa udi, yote imeshika mwanga. Picha sita. Nne ni kali kabisa, unahesabu hata unywele wa shingoni.

Jioni nikaitafuta foronya nisiione. Maharage yalikuwa jikoni, yameshalowekwa. Lakini kule juu, karibu mita 2,300, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Tulikula saa tano usiku, na bado yalikuwa yanagoma kidogo.