Marumaru si ndizo zinazomfanya mpangaji akae

Hapa Mbeya mtu akipata kiinua mgongo, jirani wa kwanza humshauri anunue Noah ya biashara, wa pili humshauri ajenge vyumba. Mimi ni wa upande wa vyumba. Ninavyo sita Iyunga, na nyumba ya familia mbili Uyole, na vimesomesha wanangu wote. Lakini wadogo zangu wanaoniuliza siku hizi huanza na rangi, jipsamu na marumaru. Mimi naanza na swali moja: mpangaji akishaingia, atakaa?

Piga hesabu. Chumba cha 60,000 ukikipandisha hadi 70,000, nyongeza yako kwa mwaka mzima ni 120,000. Mpangaji akikasirika akahama, na chumba kikakaa wazi miezi miwili tu, umepoteza zaidi ya hiyo nyongeza, na bado hujapaka rangi upya. Kwa hiyo mpangaji mtulivu anayelipa kwa wakati simpandishii kodi ovyo. Nikipandisha, namwambia miezi mitatu kabla.

Iyunga nina wanafunzi wa MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia. Wanafunzi ni wazuri, ila chuo kikifunga wanarudi kwao, na vyumba vinalala hadi wafungue tena. Ndiyo maana vyumba viwili nimewapa watu wa kazi za kudumu, fundi wa gereji na mwalimu, ili kipindi hicho kisinikute mikono mitupu. Anayetaka kujenga karibu na chuo aiweke likizo kwenye hesabu zake tangu siku ya msingi.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Mvua yetu huanza Novemba na hutunyeshea hadi Aprili au Mei, na matofali yetu mengi ni ya kuchoma, yanayonyonya maji. Msingi ukiwa mfupi na maji ya bati yanadondoka ukutani, kufikia Februari plasta inamenyeka na magodoro yananuka ukungu. Nyanyua msingi, weka gata, chimba mfereji wa kuyatoa maji uwani. Ukinunua nyumba iliyokwisha jengwa, nenda kaitazame masika, siku imenyesha. Muulize pia muuzaji kama ina lenta ya zege iliyozunguka kuta zote, maana tuko kwenye Bonde la Ufa na ardhi hutikisika.

Kuna jambo nalisema kwa uchungu kila mwaka. Juni na Julai baridi ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na familia nzima inaweza isiamke. Mwenye nyumba ana sehemu yake hapa. Vyumba vyangu vyote vina matundu ya hewa juu ya dirisha, yenye wavu, na mpangaji haruhusiwi kuyaziba. Katika mkataba nimeandika: jiko la mkaa halilali ndani. Na siku ya kumkabidhi mtu ufunguo ninamweleza kwa mdomo wangu, hata kama ni mtu mzima kuliko mimi.

Umeme ndio unaovunja undugu uwani. Mita moja kwa vyumba sita ni ugomvi wa pasi na hita kila wiki. Weka submita, yaani mita ndogo, kila chumba. Na kumbuka tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa, mrudishie au mpunguzie kwenye pango. Ni fedha ndogo, lakini anaona kama unamheshimu.

Mkataba tunaandika nakala tatu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, pamoja na picha za kuta, koki, vitasa na vioo. Mpangaji asipolipa, tunaongea kwanza, kisha kwa mwenyekiti, ikishindikana mahakamani. Kumng'olea mtu mlango au kumkatia maji ana watoto ndani, hapana. Sikubaliani nako, hata adai nani kwamba ndiyo njia ya haraka.

Mwenye fremu za maduka naye ajue kwamba mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ongeeni kabla ya kusaini, mjue kiasi mlichotaja ni kabla au baada ya makato.

Pango la chumba kimoja kati ya sita siligusi. Ni la bati, koki na choo. Mwezi wa kumi fundi hupanda juu kukaza misumari, na gari la kunyonya shimo naliita mwezi huohuo, kwa sababu mvua ikishika, njia yetu ni matope na halipiti.