Bastola ya upepo ya kwanza ya kulengea shabaha: angalia triga kwanza, sura baadaye

Tangu Olimpiki ya Paris 2024 naulizwa sana kuhusu huu mchezo, na karibu kila anayeuliza anaanzia kwa yule mzee wa Uturuki, Yusuf Dikeç, aliyesimama na miwani ya kawaida na tisheti, mkono mmoja mfukoni, akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Watu wanadhani ule mkono mfukoni ni mbwembwe, hapana, bastola ya mita 10 unapiga kwa mkono mmoja tu, ndo sheria, sasa ule mwingine ukiuacha unaning'inia unakuyumbisha mwili, kwa hiyo unauweka mfukoni au unaukamatisha kwenye mkanda. Na alichoshika pale ni bastola ya upepo, inatoa kipeleti cha milimita 4.5 cha madini ya risasi, yale laini, bila baruti yoyote.

Sasa swali linalofuata ni lile lile, nami naitaka, ninunue ipi, hela sina nyingi. Naishi Birmingham kwa hiyo nitayosema ni ya Uingereza, wewe uliye Ujerumani au Marekani sheria zako ni nyingine, zisome kwanza.

Kabla ya duka, weka kichwani mwako kwamba unanunua kifaa cha kulenga. Nasema hivi kwa sababu ukiingia dukani ukutani utakuta zimepangwa zile za kufanana na bastola za polisi na za sinema, nyeusi, nzito, zinavutia kweli, nyingine bei yake rahisi kuliko ile unayoihitaji, na kijana wa dukani atakuonyesha hizo kwanza maana ndo zinatoka. Nyingi kati ya hizo zinatumia vigololi vya chuma na mtutu wake ndani ni laini hauna mifereji, kwa hiyo kigololi kinatoka hakizunguki, hakitulii hewani, mita 10 kinaweza kuangukia popote. Alafu chuma kikigonga kitu kigumu kinarudi, kinaweza kukurudia jichoni. Peleti ya risasi ni laini, ikigonga inabondeka. Klabu nyingi za shabaha hawataki kabisa kuona vigololi vya chuma kwenye renji yao na wana haki.

Ili uelewe kwa nini nakazania usahihi, shabaha ya mita 10 ina duara jeusi la milimita 59.5, na ndani yake ile kumi, duara la katikati la pointi kumi, ni milimita 11.5, yaani kama kifungo cha shati, na wewe umesimama hatua kumi na kitu nyuma, mkono umenyooka peke yake. Hapo nguvu ya bastola haikusaidii chochote. Shabaha yenyewe ni kadi ya karatasi, haihitaji nguvu, inahitaji peleti itoke vilevile kila mara, na triga, kile cha kufyatulia kwa kidole, isiyokuvuta mkono.

Kuna namna kama tatu za hizi bastola ukiwa na bajeti ndogo. Ya springi, unakunja mtutu au unavuta mkono wa pembeni, springi inajikaza ndani, ukifyatua inasukuma pistoni na hewa. Kampuni ya Webley walitengeneza hizi hapahapa Birmingham kuanzia 1924, na bastola zao za Tempest bado zinauzwa mkononi mpaka leo, ni vitu vizuri sana na mimi nikiiona moja kwenye meza ya mauzo lazima niishike. Lakini kwa anayeanza ni ngumu, kwa sababu pistoni inaanza kukimbia kabla peleti haijatoka, bastola inaruka mkononi wakati peleti bado imo mtutuni, kosa dogo la kushika linakuwa kosa kubwa kwenye kadi. Ya pili ni ya gesi, kichupa cha CO2 cha gramu 12, hiyo haina tabu kuitumia, huchoki mkono, lakini vichupa unanunua kila siku, na gesi yenyewe inategemea joto, ukipiga harakaharaka inapoa na kasi inashuka, ukipiga bandani mwezi wa kwanza hapa Uingereza utaona peleti zinaanza kwenda chini polepole wewe unadhani ni mkono wako. Crosman 2240 ni ya namna hii, ya risasi moja moja, rahisi kutengeneza na vipuri vyake viko kila mahali, siikatai, ila ya kawaida ni ya milimita 5.5 na mashindano ya mita 10 ni 4.5.

Ya tatu ndo ninayoipendekeza kwa kila mtu, ya pampu moja. Unafungua, unaweka peleti, unafunga, na kule kufunga ndo unabana hewa. Mara moja tu, huwezi kuzidisha wala kupunguza, kwa hiyo hewa ni ileile leo na kesho, kwenye baridi na kwenye joto tofauti ni ndogo sana. Haina springi ya kuruka, ukifyatua inatulia mkononi, kadi inakwambia ukweli kuhusu mkono wako. Kampuni za Walther na Feinwerkbau zenyewe ziliwahi kutengeneza za mashindano kwa mtindo huu kabla watu hawajahamia kwenye zile za mtungi wa hewa wa bar 200, ambazo Steyr au Morini mpya utalipa zaidi ya pauni elfu, hiyo achana nayo kwanza. Na gharama yake baada ya kununua ni peleti tu na kadi.

Kwa majina, anayeanza na hela kidogo namwambia Weihrauch HW40. Ya Ujerumani, fremu yake ya plastiki ngumu, bei yake inacheza karibu na pauni 200 kutegemea duka. Unavuta kile kinachofanana na nyundo nyuma, sehemu ya juu inafunguka kwenda mbele, unaweka peleti, unairudisha chini, na pale mwisho mwisho inakaza kweli, mwenye kiganja kidogo atumie mikono miwili na aangalie vidole visibanwe. Nguvu yake ni kama nusu ya ile ambayo sheria ya hapa inaruhusu, nitaitaja mbele, na inatosha kabisa. Kuna ndugu yake aliyetengenezwa China, Beeman P17, Marekani anauzwa bei rahisi sana na huko wanampenda mno. Ukiwa na hela zaidi kidogo kuna Gamo Compact ya Spain, pampu moja pia, ila mpini wake ni wa mbao umekatwa kufuata kiganja na una ile rafu ya chini unaipandisha na kuishusha mpaka ikae na mkono wako. Ukiishika utaelewa mara moja kwa nini watu wa mashindano wanahangaika na mpini, maana kifundo kinajifunga mahali pamoja kila unapoinua, hutafuti upya. Ila mpini wa hivyo una upande, kama wewe ni wa mkono wa kushoto uliza kabla hujalipa.

Ukifika dukani omba kuishika, usiogope, duka zuri halikatai. Ikague kwamba haina kitu, ielekeze chini pembeni pasipo na mtu, alafu inyooshe kwa mkono mmoja kuelekea ukuta na ukae nayo nusu dakika. Ikianza kukushusha mkono ndani ya hiyo nusu dakika ni nzito kwako kwa sasa, haijalishi ni nzuri kiasi gani. Alafu angalia vilengeo, kile cha mbele na kile cha nyuma. HW40 inakuja na vile vya nukta za rangi zinazong'aa, vinapendeza, vinasaidia kupiga kopo bustanini, lakini kwenye kadi nyeupe yenye duara jeusi macho yanavutwa na zile nukta unasahau mstari wa juu wa kilengeo. Watu wengi wanazipaka wino mweusi wa maka, nami nashauri hivyo hivyo. Unachotaka ni kipande cheusi cha mraba mbele, kikae katikati ya mwanya wa nyuma, mwanga sawa kushoto na kulia, vichwa vyote usawa. Jicho liangalie kilengeo cha mbele, duara lenyewe liache lififie. Hiyo inapingana na akili kabisa maana kila mtu anataka kuangalia anapopiga, lakini kilengeo kikipinda nusu milimita mkononi kule kwenye kadi umeshatoka kwenye kumi.

Triga ndo kila kitu. Mashindanoni haitakiwi kuwa chini ya gramu 500, ya bei ya chini itakuwa nzito zaidi ya hapo, sio tatizo, tatizo ni ile inayokwaruza njiani au inayokusubirisha hujui itafyatuka lini. Nzuri inasogea kidogo bila uzito, inagota, alafu ukiongeza kidogo inaachia. Ukiisikia ile sehemu ya kugota na inarudia palepale kila mara, chukua hiyo hata kama ina sura mbaya.

Peleti nunua zenye kichwa bapa, zinatoboa kadi kwa duara safi na kuhesabu pointi ni rahisi, za kichwa cha mviringo zinachana karatasi mnaanza kubishana. Kwa bastola hizi zisizo na nguvu chukua nyepesi, za gramu 0.45 hivi, kama RWS Hobby, ni rahisi na nzuri kuliko bei yake. Nunua kopo moja moja la aina mbili tatu, piga kila aina kwenye kadi yake, huku umeegemeza mkono kwenye mto, utaona mtutu wako unapenda ipi. Na ni risasi ile, ni sumu, nawa mikono ukimaliza, usile huku unapakia.

Sheria za hapa England na Wales zifahamu kabla hujatoa hela. Lazima uwe na miaka 18, na bastola isizidi futi-pauni 6 za nguvu, ikizidi hapo inaingia kwenye silaha zilizopigwa marufuku kabisa, sio suala la faini ndogo. Muuzaji wa biashara lazima akukabidhi ana kwa ana, ukiagiza mtandaoni itapitia duka la karibu na wewe au waje wenyewe kukukabidhi. Scotland ni habari nyingine, huko tangu 31 Desemba 2016 unahitaji cheti cha polisi, na Northern Ireland nao wana yao. Nyumbani kwako peleti isivuke mpaka wa eneo lako, na ukiwa na watoto funga kwa ufunguo, sheria inakutaka uchukue hatua wasiifikie. Kuibeba barabarani iwe haina peleti, ndani ya begi lake lililofungwa, na uwe unaenda mahali panapoeleweka kama klabu. Ndugu zangu weusi hili nawaombeni mlishike sana, usiitoe kwenye gari, usiipige picha uwanjani, usimwonyeshe jirani kupitia dirishani. Mtu akiona bastola haulizi ni ya upepo au ya baruti, anapiga simu, na watakaokuja watakuja na za kweli.

Kwa hiyo klabu. Chama cha walenga shabaha cha NSRA chenye makao Bisley kina orodha ya klabu, na nyingi zina usiku wa wageni, wanakuazima bastola na mtu anakaa na wewe. Ukishapiga kadi kadhaa na za kwao ndo uende dukani, utakuwa unajua mkono wako unataka nini. Kuna ligi za yadi 6 pia kwa wasio na ukumbi mrefu, hizo hata sebuleni au kwenye korido unaweza kufanya mazoezi, uwe na sanduku la chuma la kudaka peleti, nyuma yake ubao mnene, mlango wa upande ule umefungwa, na miwani ya kukinga macho kwa kila aliye chumbani. Nilisikitika sana Birmingham walipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola 2022 wakauacha huu mchezo nje, mji uliotengeneza hizi bastola kwa miongo yote hiyo, watoto wetu wa hapa wangeuona kwa macho yao.

Na wale mnaoniandikia kuhusu kuitia kwenye kontena pamoja na friji na magodoro ipelekwe Mombasa au Dar kwa mjomba, usifanye. Kenya na Tanzania sheria za silaha ni kali, anza na polisi wa huko wakupe jibu kwa maandishi kabla bastola haijatoka mlangoni kwako, na kama jibu halijaja, ibaki kabatini kwako huku imefungwa.