Elfu kumi ya soda

Jana jioni, Tandika. Nimeegesha pikipiki pembeni kabisa, nikaingia duka la dawa kuchukua syrupu ya mtoto. Natoka, chombo kimelala chini, petroli inachuruzika. Mkono wa klachi umepinda kama ndoano, indiketa ya kushoto vipande vipande, tanki limebonyea.

Jamaa wa Noah aliyerudi nyuma bila kuangalia hakukimbia, hilo nampa. Ila akachomoa 10,000: "Chukua kaka, ukanywe soda." Soda! Nikamwita fundi wa pale kona apige hesabu mbele yake: 75,000, tanki halijaguswa. Eti sasa nimeegesha vibaya. Nikamwambia sawa, tusisogeze kitu, tuite trafiki; kama bima yako iko hai, hata hiyo ndogo ya "third party" inalipa mali ya mtu uliyemgonga. Kusikia trafiki, sauti ikashuka.

Tumeandikishana kwa mjumbe: 40,000 taslimu, 35,000 Ijumaa. Namba ya gari nilishaipiga picha kabla hata ya kuinua pikipiki, na dada wa duka la dawa kasaini kama shahidi. Tanki nimesamehe, ingawa kila nikilitazama roho inaniuma.