Benzi ya 1982 Iliyokataa Kuzimika

Mercedes-Benz 300 D ya mwaka 1982 niliyoinunua Mombasa ili niifufue ilikuwa na kasoro ya ajabu: hata ukichomoa ufunguo, injini yake ya silinda 5 iliendelea kunguruma hadi ufungue boneti na kubonyeza wenzo wenye maandishi STOP. Injini ya dizeli haina plagi za cheche za kukatiwa umeme. Huzimwa kwa kunyimwa mafuta, na katika modeli hii kazi hiyo hufanywa na mvuto wa hewa (nguvu ya kunyonya) unaofika kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, kupitia vipaipu vyembamba vya plastiki. Fundi wa kwanza alitaka kuifungua pampu yenyewe, kwa gharama ambayo, kwa maoni yangu, ingefaa zaidi kwenye rangi. Mimi nilianzia milangoni, kwa kuwa kufuli hutumia mvuto uleule, na ukivuja huko pampu haipati wa kutosha kuzima injini. Nilipoziba kipaipu kinachoelekea huko, injini ilizimika papo hapo. Kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji nilipima mlango mmoja mmoja. Katika mlango wa nyuma wa kushoto mshale ulipanda kisha ukaanguka, kwani mpira ulio ndani ya kifaa cha kufuli ulikuwa umepasuka kwa uzee. Nilikibadilisha kifaa hicho, na sasa ufunguo unazima gari, na milango yote inajifunga kwa pamoja.