Kwenda Soudan na Mama Mkwe

Ukitoka Minneapolis kwenda Soudan, mji mdogo wa mgodi wa chuma jimboni Minnesota, Marekani, unaelekea kaskazini tu, saa nne hivi za barabara. Unapita Duluth, unaliacha nyuma Ziwa Superior, kisha misonobari inazidi na nyumba zinapungua. Baadaye unaanza kuona vilima vya udongo mwekundu kando ya njia. Havikuumbwa pale, vimerundikwa na watu. Mama mkwe wangu aliviona kabla yangu, akanyamaza kwa mwendo mrefu, na yeye si mtu wa kunyamaza. Mume wangu alibaki nyumbani na watoto. Safari ilikuwa ya mama: alitaka kushuka kwenye mgodi aliochimba babu yake kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Babu huyo alizaliwa Dolenjska, kusini-mashariki mwa Slovenia ya leo. Enzi hizo Slovenia haikuwa dola, na watu wake walikuwa raia wa Austria-Hungaria, ndiyo maana kwenye orodha ya abiria wa meli ameandikwa Mwaustria. Huko kwao mashamba yalikuwa yamegawanywa na kugawanywa tena mpaka kipande cha mtu hakilishi nyumba. Katika miaka ya 1880 na 1890 filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, aliimaliza mizabibu. Kodi na madeni vikabaki palepale. Vijana wakapanda treni hadi bandari za Le Havre na Bremen, wakavuka bahari wakiwa na hesabu moja kichwani: miaka michache ya kazi, fedha ya kununua shamba, halafu kurudi. Wapo waliorudi kweli. Hesabu hiyo naifahamu vizuri. Kwetu Afrika Mashariki kuna nyumba nyingi zilizoishia kwenye msingi, za watu walioaga wakisema wanakwenda kwa miaka mitatu.

Wachimbaji wa hapa husimulia kwamba mgodi uliitwa Soudan kwa sababu ya baridi ya Minnesota, watu wakaupa jina la nchi ya Afrika yenye joto ili wajiliwaze. Madini ya kwanza ya chuma yalitoka hapa 1884 kwa reli mpaka Two Harbors, na huko yakapakiwa melini. Mgodi ulifungwa 1962, na sasa ni hifadhi ya jimbo. Wageni huvalishwa kofia ngumu na kuingizwa kwenye kizimba cha chuma kilekile kilichowashusha wachimbaji, kikivutwa na mtambo uliowekwa 1924. Mlango ukafungwa, kengele ikalia, tukaanza kudondoka gizani. Dakika tatu za kelele na mtikisiko, hadi ngazi ya 27, futi 2,341 chini ya ardhi, zaidi ya mita 700. Mama alinishika mkono tangu juu hadi chini, wala hakunitazama.

Chini ni baridi ya nyuzi kumi hivi, kiangazi na masika. Kitreni kinakupeleka zaidi ya kilomita moja ndani ya mwamba, kisha unapanda ngazi hadi kwenye ukumbi uliochongwa na baruti. Mwongozaji alitueleza kazi ilivyokwenda: wanatoboa dari, wanalipua, madini yanaanguka, yanasukumwa kwenye mashimo ya kuyateremshia mabehewani, na mawe yasiyo na chuma yanabaki kuwa sakafu ya kusimamia ili kuifikia dari inayofuata. Wanapanda kidogokidogo wakila mwamba juu ya vichwa vyao. Halafu akazima taa. Zamani, akasema, mchimbaji alikuwa na mshumaa tu. Mama akauliza gizani, kwa sauti ya mtu anayedai jibu: wale wa koleo walisimama wapi? Maana wasimamizi na mafundi wengi wa migodi walikuwa watu wa Cornwall, Uingereza, waliozaliwa kwenye kazi hiyo. Wageni wasiojua Kiingereza, Waslovenia, Wakroatia, Wafini, walianzia kwenye koleo na kusukuma mabehewa. Taa ilipowashwa, mwongozaji alimwonyesha. Mama akaenda akasimama pale.

Hata hivyo, mwamba wa Soudan ni mgumu, unajishikilia wenyewe. Ely, mwendo wa nusu saa mashariki, ni hadithi nyingine. Madini ya Ely yalikuwa laini, dari ikishikiliwa kwa magogo, na magogo huvunjika. Migodi ilianza kutoa madini 1888, wa mwisho, Pioneer, ukafungwa 1967, na ardhi iliyotitia juu yake sasa ni ziwa. Watu huja huko kupiga makasia. Sisi tulifuata makaburi.

Hapa ndipo niliposikia jambo ambalo hata mume wangu halijui. Bibi yake mama, yule mke wa babu, alikuwa mjane. Mume wake wa kwanza naye alikuwa Mslovenia, mpakiaji wa koleo hapo Ely, na alifukiwa na dari. Ilikuwa kabla ya 1913, mwaka ambao Minnesota ilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Kabla ya hapo mjane aliyetaka chochote ilimbidi ashtaki na athibitishe kosa la mwajiri, mbele ya mahakama inayozungumza lugha asiyoijua. Kilichomwokoa ni chama. Waslovenia walikuwa wameanzisha vyama vyao vya kuzikana na kusaidiana: KSKJ kule Joliet, Illinois, 1894, JSKJ papo hapo Ely, 1898. Kila mwezi mtu anatoa senti zake. Akiumia anapewa posho, akifa anazikwa kwa heshima na familia inapata kitu.

Nilimwambia mama kwamba sisi pia, Waswahili wa Minneapolis, tunacho chama kama hicho. Kila mara simu ikija usiku kwamba mwenzetu amefariki, tunachanga ili mwili urudi nyumbani. Akaniuliza nani anashika daftari. Nikamwambia, kwa sasa mimi. Akaitikia kwa kichwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu niolewe kwao.

Kwa fedha ile ya chama yule mjane alikodi nyumba, akaweka wapangaji. Vibarua wa zamu ya mchana wakitoka kitandani, wa usiku wanalala palepale. Yeye aliamka kabla yao wote: mikate, chakula cha kubeba mgodini, maji ya kuogea, na nguo zilizolowa vumbi jekundu ambalo halitoki hata ukisugua vipi. Rekodi za kampuni zinataja tani za chuma. Kazi yake haipo kwenye rekodi yoyote, ingawa bila yeye koleo lisingeinuliwa asubuhi. Mmoja wa wapangaji hao ndiye babu. Waliooana ni mpangaji na mama mwenye nyumba, na shamba la Dolenjska likasahauliwa.

Kaburi la mume wa kwanza tulilipata. Jiwe liliwekwa na wanachama wenzake. Hakuacha mtoto, kwa hiyo kwenye chati ya ukoo ambayo mama amekuwa akiichora kwa miaka hayumo. Tukiwa mgahawani Ely, huku tukila potica, ule mkate wa kokwa za jozi unaokunjwa kwa unga uliovutwa mwembamba, mama aliitandaza chati mezani na kalamu mkononi. Ataandikwa, akasema, kando ya bibi, kwa sababu nyumba ile ililipiwa na kifo chake.

Tunachohitaji sasa ni kijiji chake. Vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi za Slovenia vimewekwa kwenye tovuti ya Matricula, bure, kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Tumeanza na parokia za karibu na Žužemberk, hukohuko Dolenjska. Mama anasoma majina, mimi naandika.