Siku Mwalimu Mkuu Alipochoma Bendera

Singida ina upepo. Bendera ya shule yetu ya msingi ililiwa na upepo huo kuanzia upande unaopepea, na upande huo ndio wenye bluu, kwa hiyo kufikia Oktoba 1999 bluu ilikuwa imebaki nyuzinyuzi. Mwalimu mkuu hakuipenda hali ile. Alitukumbusha mara nyingi kwamba bluu iliingia mwaka 1964 kutoka bendera ya Zanzibar. "Bluu ikiisha," alisema, "hii si bendera ya Muungano tena."

Nilikuwa darasa la sita, kiranja wa bendera pamoja na mwenzangu mmoja. Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kushusha jioni. Filimbi ikilia, barabara nzima ilisimama. Mwenye baiskeli ya mkaa alishuka na kuishikilia kwa nguvu zote isimwangukie. Mama aliyetoka kisimani alisimama wima na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, na hakuyafuta mpaka filimbi ya pili. Hakuna askari aliyekuwa akiwasimamia. Sisi wawili tulikunja ile nguo hewani, maana kugusa chini kulikuwa na adhabu yake.

Alhamisi tarehe 14 tukasikia redioni Rais Mkapa akitangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Walimu walilia mbele yetu. Sikuwahi kuona jambo hilo.

Ijumaa alfajiri mwalimu mkuu alitusubiri kwenye mlingoti na bendera mpya, bado ina mikunjo ya kabatini. Alikuwa ameitunza kwa ajili ya siku Mwenge utakapopita kijijini kwetu. Nikaanza kuivuta niishie katikati, akanishika mkono. "Kwanza ifike juu kabisa, mwanangu. Halafu ndiyo ishuke nusu mlingoti." Ikafika juu, ikatulia kidogo, ikashuka.

Ile kuukuu niliishika kifuani. Mpishi wa uji akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba itafaa kuwa dasta za ubaoni. Mwalimu mkuu alimkatalia kwa sauti ambayo sijaisahau. Akatupeleka nyuma ya ofisi, akachimba shimo dogo kwa jembe la shamba la shule, akaiweka ikiwa imekunjwa vizuri, akaimiminia mafuta ya taa kutoka kwenye kibatari.

"Mwalimu, tutafungwa!" nilipiga kelele. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kuidharau bendera ni kosa la jinai, na akilini mwangu hakukuwa na dharau kubwa kuliko moto.

"Anayeidharau ndiye wa kufungwa. Hii imetumika, imechoka. Unataka watu waifutie chaki? Simameni mguu sawa."

Tukasimama. Haikuwaka kama karatasi. Ilijikunyata, ikayeyuka, ikatoa harufu ya nailoni iliyoungua, na mstari wa njano ndio uliochelewa kwisha. Mwalimu mkuu alivua kofia yake na hakuivaa mpaka alipokwisha kufukia majivu.

Ukubwani nilisoma kuhusu Gregory Lee Johnson, aliyechoma bendera ya Marekani mjini Dallas mwaka 1984, katika maandamano ya kisiasa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kitendo chake kinalindwa na uhuru wa maoni. Na nchi hiyohiyo, katika kanuni zake za bendera, inaelekeza kwamba iliyochakaa iondolewe kwa heshima, ikiwezekana kwa kuchomwa. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikasikia harufu ya ile nailoni. Sitamani mtu afungwe kwa kitambaa, lakini nikiona bendera ya nchi yoyote ikichomwa barabarani huku watu wakiikanyaga, naumia, hata kama hasira yao naielewa. Namkumbuka yule mama mwenye ndoo.

Jioni ya Ijumaa ile filimbi ililia kama kawaida. Tukaipandisha kwanza mpaka juu, kisha tukaishusha taratibu, na watu walisimama wengi kuliko siku zote, hadi upande wa pili wa barabara. Mwenzangu aliipokea kwa mikono miwili, akashika ncha ya bluu. Ilikuwa nzima, bila uzi hata mmoja unaoning'inia.